Kaske ya Rajabu

Fundi Shabani amefariki. Mjukuu wake wa kike alinipigia simu wiki iliyopita, saa ya chai, akanieleza kwa adabu kwamba babu aliacha karatasi yenye majina ya watu wa kuarifiwa, na jina langu lilikuwemo. Nikamshukuru, nikampa pole, nikakaa. Mke wangu alidhani namlilia fundi. Nilimlilia kidogo, maana alikuwa mtu mwema, na muongo kwa kiasi kile kile ambacho wema wakati mwingine hudai. Lakini zaidi niliogopa. Kati ya watu waliojua yote niliyoyafanya Biryogo, Kigali, mwaka 1983, sasa nimebaki mimi tu. Bi. Zaina ndiye aliyetangulia, Hadija akafuata miaka mingi baadaye, na sasa fundi. Nilimwahidi kwamba midomo yangu itabaki imefungwa maadamu yeye yu hai, na nimeitimiza ahadi hiyo, jambo ambalo wanaonijua kwa domo langu hawataliamini. Sasa naandika, na naandika mchana, dirisha likiwa wazi.

Nilifika Kigali kutoka Tabora nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, kazi yangu kutengeneza cherehani. Tajiri wangu alikuwa na duka la cherehani na vipuri vyake Kicukiro, na alitaka mtu wa kuwafuata mafundi nguo huko huko waliko, mjini na vijijini. Pikipiki ilikuwepo, nyekundu, imechoka kidogo. Siku ya kwanza niliipanda kama nilivyozoea kwetu, yaani kichwa wazi na taulo shingoni kwa ajili ya vumbi, na tajiri akanitazama kana kwamba nimekuja kazini uchi. "Huku iko milima," aliniambia. "Piki ni yangu, kichwa ni yako. Lakini nenda utafute kaske kwanza. Mimi sitaki kuzika mutu." Kaske ndiyo kofia ngumu ya pikipiki kwa Kiswahili cha Kigali, neno walilorithi kwa Wabelgiji. Nilikuwa sijawahi kuivaa wala kuishika. Nimehamia nchi ya watu, nimejiandaa kwa lugha, kwa baridi, kwa mihogo iliyopikwa namna nyingine, na kumbe kitu cha kwanza ninachoulizwa ni nimekuja na kichwa cha aina gani.

Nilielekezwa kwa Fundi Shabani, Biryogo, mtaa wa Waislamu, ambako mbele ya kila nyumba ya pili kulikuwa na mtu anakanyaga cherehani. Fundi alikuwa mnene, mwenye futi ya kupimia shingoni hata anapokula, na pamoja na kushona aliuza vitu vilivyotumika. Akanitolea kaske tatu juu ya meza ya kukatia nguo. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, wazi usoni, na nilipoibinya kwa vidole gumba ilitoa mlio wa yai. Ya pili ilikuwa nyepesi mno, ya kumfaa fundi uashi. Ya tatu ilikuwa nyeupe, ya kufunika kichwa chote mpaka kidevu, na mbele ina kioo cheusi kinachoshuka na kuuficha uso. Mimi ni fundi, kwa hiyo niliikagua kama mashine: nikavuta ukanda, nikagonga, nikapitisha kiganja ndani ya bitana, nikaigeuzageuza juani nikitafuta alama ya kuanguka. Hakukuwa na hata mkwaruzo mmoja. Ndani ilinukia mafuta ya nywele na udi kwa mbali. "Hii haijaanguka hata siku moja," alisema fundi, na Mungu ni shahidi kwamba hapo alisema kweli. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. "Alisafiri." Nikaivaa. Ilinikaa vizuri kiasi kwamba kwa kitambo sikusikia kitu chochote, wala cherehani za mtaa mzima wala pumzi yangu. Nilipoivua nilimkuta fundi anatazama pembeni. Akaniuliza nitakuwa nafanya kazi upande gani, nikamjibu Kicukiro na huko mbele, na nalala huko huko dukani. Akashusha pumzi. "Basi chukua, sha," akasema, yaani ndugu yangu. "Huko iko vizuri."

Ningeendelea kulala Kicukiro, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini dukani nililala kati ya makasha ya vipuri, nikila mkate na chai kavu, na tumbo langu lilikuwa limeshaonja Biryogo. Baada ya majuma mawili nikapanga chumba uani kwa mama mmoja, nyumba ya nne kutoka msikitini. Chumba kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia vitu, na ukuta mwembamba uliotutenganisha na jiko la jirani. Asubuhi nilipata mandazi ya moto na chai ya tangawizi, jioni wali na isombe, ile mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kupitia ukuta nilipata habari za mtaa bila kuziomba. Siku ya tatu nikawasikia wanawake wawili wanamenya viazi na kunong'ona juu ya mukecuru, yaani bikizee. "Mukecuru amemwona." "Amemwona nani?" "Rajabu. Amepita hapa na piki saa ya alasiri." "Acha maneno hayo." "Si yeye tu. Na mimi nimemwona." Kisu kikaendelea na viazi. Mimi nilikuwa nimelala chali, nimeshiba, nikafurahi kwamba mtaa una umbea wa kutosha. Sikumjua Rajabu, na haikunijia kabisa kwamba saa ya alasiri aliyepita pale na pikipiki nilikuwa mimi.

Wiki hiyo hiyo nilitumwa Gahanga, kwenye njia ya kwenda Bugesera, kumtengenezea fundi mmoja cherehani iliyokuwa inaruka mishono. Njiani watu walinipungia mkono. Nikajiambia Wanyarwanda ni wakarimu. Mama mmoja muuza ndizi alinyanyua mkono, akaushusha nusu, akauweka mdomoni. Mbele kidogo kulikuwa na mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la viazi vitamu. Aliponiona aliiachia baiskeli ikaanguka, viazi vikaviringika barabarani. "Yampaye inka!" alipiga ukelele wa mshangao kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: "Rajabu? Lakini sisi tulikubeba. Mimi nilikushika miguu." Nilifungua kioo haraka. Alipoiona sura yangu, alikaa chini pale pale kwenye viazi vyake akaanza kucheka. Nilimsaidia kuvikusanya, na huku tukiokota akanieleza. Rajabu alikuwa mchuuzi wa vitenge, akipita njia ile kila siku ya soko. Mwezi na zaidi uliopita alianguka kwenye mteremko unaoelekea mtoni, kichwa kikagonga jiwe. "Siku zote alivaa hii nyeupe. Siku hiyo kichwa ilikuwa wazi." Nikaitazama kaske mkononi mwangu, safi, bila mkwaruzo, nikaelewa ni kwa nini haikuwa nao.

Nilirudi kwa Fundi Shabani nikiwa nimefura. Nilitaka kumtupia ile kaske mezani, lakini sikuweza kuitupa, nikaiweka taratibu. Fundi alifunga mlango, akakaa, na kwa mara ya kwanza akaitoa ile futi shingoni. Siku aliyokufa, Rajabu aligombana na mama yake, Bi. Zaina, kwa jambo la bure: mchuzi ulizidi chumvi, akasema mkono wa mama umezeeka, mama akajibu ni mkono huo huo uliomlea, neno likazaa neno, mpaka mama akamwambia, "Toka, na usirudi hapa." Akatoka kwa kasi, kaske akaiacha msumarini. Hakurudi. Bi. Zaina alikuwa na moyo mbovu na macho yaliyoingia ukungu, akiona weupe na vivuli tu. Hadija, mke wa Rajabu, alisema mama akijua kwamba neno lile ndilo la mwisho alilomwambia mwanawe, atakufa nalo siku hiyo hiyo. Basi mtaa mzima ukakubaliana. Wanaume walikwenda kuzika Bugesera bila kishindo. Matanga yakakaliwa kwa fundi, milango imefungwa, wanawake wakilia na kanga mdomoni. Hadija akaanza eda bila mkwewe kujua. Alipoulizwa kwa nini hatoki nje, alisema mguu unamuuma. Kaske akaiondoa msumarini, akamwambia mama kwamba Rajabu alipitia alfajiri akaichukua, amekwenda Bujumbura kutafuta mali. Fundi alipewa kazi moja tu, kuipeleka kaske hiyo mbali. "Nikaona wewe ni mugeni, uko unaishi Kicukiro," alisema, macho yamejaa machozi. "Nani angejua utahamia hapa kwa sababu ya mandazi?"

Nilisema nitabadilisha njia, na nikabadilisha. Siku nne nilizunguka kwa nyuma, nikiisukuma pikipiki ikiwa imezimwa kama mwizi. Siku ya tano fundi akaja chumbani kwangu na sura mbaya. Bi. Zaina alikuwa ameacha kula. Alikuwa akisema Rajabu yuko mjini, anapita mbele ya mama yake bila salamu, na sasa hata kupita amekataa. Nikapelekwa nikaongee na Hadija. Alikaa nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka, nami nikakaa upande wa pili, kwa hiyo hadi leo namkumbuka zaidi kwa sauti. "Kaka, nakuomba," alisema. "Simama tu mlangoni. Usiseme kitu. Kohoa tu, akusikie." Mimi si mtu wa kuombwa mara tatu. Na nakiri kulikuwa na kiburi pia; nilikuwa mbali na kwetu, na hapa palikuwa na nyumba inayonihitaji.

Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyoishi mwenyewe. Mkeka wa kijani, kitanda cha mbao chenye chandarua kilichokunjwa, picha ya Makka iliyofifia, birika la kutawadhia mlangoni, na ukutani msumari mtupu. Bi. Zaina alikaa mkekani na tasbihi, mdogo, kanga imefunika mpaka nyusi. Nilikohoa. Akageuza uso kwenye ule weupe wa kichwa changu, na sijapata kutazamwa namna ile tangu siku hiyo. "Umekuja," alisema. "Hata kaske hutaki kuvua mbele yangu. Haya. Kaa hivyo hivyo." Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha watu wa zamani waliokuja na biashara kutoka Ujiji. Nikakaa kwenye kigoda, kioo nimekishusha, napumua hewa ya mafuta ya nywele za mtu mwingine. Akanisogezea sahani ya wali na mchuzi. "Chumvi nimepunguza," alisema. Sikuwa na namna ya kula. Hadija aliufungasha mchuzi ule, nikaulia chumbani kwangu, na nasema kweli haukuwa na chumvi hata chembe. Niliumaliza wote, na nikalia.

Nilikwenda kila alasiri nikitoka kazini. Mtaa ulinipisha. Watoto waliitwa ndani nilipokaribia, wanaume barazani waliangalia chini, na hakuna aliyenisalimu nikiwa nimeivaa. Nikiivua, nilikuwa yule Mtanzania wa cherehani, wananitania kwa Kiswahili changu kirefu. Nikaanza kuona kwamba wanaongea na watu wawili. Siku moja, baada ya majuma matatu hivi, Bi. Zaina aliweka tasbihi chini. "Rajabu, nisamehe. Lile neno nililitoa kwa mdomo, moyo haukuwamo." Kisha akangoja. Hadija alikuwa amenikataza kusema, lakini kuna kungoja ambako mtu hawezi kukuacha hewani. Nikasema, "Nimekusamehe, mama." Ndani ya kaske sauti ilinizunguka masikioni, nzito, ikatoka polepole kuliko nilivyoitoa. Nyuma ya pazia kitu cha bati kilianguka. Hadija aliniambia baadaye kwamba ile haikuwa sauti ya mtu wa Tabora. Nilimwambia kaske hubadilisha sauti, ni kama kuongea ndani ya debe. Mimi ni fundi. Kitu kikilia natafuta skrubu iliyolegea. Alinijibu, "Yego," ndiyo, lakini hakuridhika, wala mimi sikuridhika.

Ndipo, karibu miezi miwili baadaye, ikaja malaria. Siku tatu nililala uani, mke wa fundi akiniletea uji, akinifunika kila nilipojifunua. Kaske ilikuwa juu ya msumari mbele ya kitanda, kioo kimeshuka, na kila nilipofumbua macho niliiona. Siku ya nne nikajikongoja mpaka kwa Hadija kuomba radhi kwa kutokuja. Kabla sijafungua mdomo, akasema nyuma ya pazia, "Asante kwa jana, kaka. Mukecuru amefurahi sana. Ulikaa mpaka adhana." Nikamwambia jana nilikuwa kitandani. "Nilisikia piki ikizimwa," alisema. "Nilisikia umekohoa. Sikutoka, wewe unajua sitoki. Na sahani imerudi tupu." Nikamwambia sijawahi kula pale hata mara moja. "Najua," alisema. Nilimuuliza mke wa fundi. Alikuwa amekaa na mimi alasiri yote, na pikipiki ilikuwa uani, imefunikwa gunia. Nimelifikiria jambo hilo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimejaribu maelezo ya jirani mwenye pikipiki, nimejaribu njaa ya mwanamke mgonjwa, nimejaribu homa. Vyote vinaelekea kutosha, na hakuna kinachotosha.

Lililobaki ni kwamba niliogopa. Sikumwogopa Rajabu sana. Niliogopa kuwa nimekaa kwenye nafasi ya mtu mpaka mwenyewe amekuja kuidai. Nikaamua kumwambia mama ukweli. Fundi Shabani alinishika mkono, akaniambia nitamuua, neno lile lile "usirudi" litamrudia kifuani na damu yake itakuwa juu yangu. Hadija hakubisha. "Eda yangu imebakisha siku chache," alisema. "Nimechoka kulia kimya. Mwambie. Akifa, tutakufa tukiwa tumeambiana kweli." Kwa hiyo niliingia alasiri ile nikijua kabisa kwamba huenda natoka na maiti nyuma yangu. Nilipiga magoti kwenye mkeka. Nikafungua ukanda, nikavua kaske kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile, nikaipakata. Hewa ya chumba ilinigonga usoni, ubani na vitunguu. "Mama," nilisema kwa sauti yangu, ya Tabora, nyembamba kwa woga. "Mimi si Rajabu. Naitwa Seif, ni fundi wa cherehani. Hii kaske niliinunua. Rajabu..." Sikumaliza. Hakuhitaji nimalize.

Aliinua mkono akaugusa uso wangu. Vidole vilipita kwenye paji, nyusi, pua, vikafika masikioni vikatulia hapo, kwenye masikio ambayo hakuyazaa. Alijua. Niliona inaingia ndani yake, ikashuka, na nikangoja moyo wake usimame. Kisha Bi. Zaina akapapasa magotini mwangu, akaichukua kaske, akaingiza kiganja ndani, akaifuta bitana kwa pindo la kanga yake, taratibu, pande zote. "Siku ile alitoka kichwa wazi," alisema. "Macho yangu haya yaliuona weupe wa kaske pale msumarini. Nilitaka kumwita. Hasira ikanibana mdomo, nikanyamaza, nikasikia piki inaondoka." Hakuna aliyekuwa amelijua hilo. Sote tulilinda neno alilosema, na kumbe lililokuwa likimla ni lile ambalo hakusema.

Akanivika yeye mwenyewe. Aliishusha kaske kichwani mwangu kwa mikono miwili, akautafuta ukanda chini ya kidevu, akakitafuta kifungo, akakikosa, akakitafuta tena. Sikumsaidia. Ilichukua muda mrefu mpaka kikashika. Akauvuta ukanda kuhakikisha, namna mama anavyovuta kifungo cha koti la mtoto.

"Sasa nenda, mwanangu," alisema. "Na urudi."

Nikarudi. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila alasiri ya miezi saba iliyobaki, na nilipoingia nilivua kaske nikala. Siku tuliyomzika, walipouliza nani wa kwake atashuka kaburini kumpokea, mimi ndiye niliyeshuka.